Mkate wa Kumrudisha Akai

Kwa karibu mwaka mzima watu walinipongeza kwa ugonjwa wangu. Nilikuwa dereva wa lori, nikipeleka saruji na unga kutoka Lodwar hadi Kakuma na Lokichoggio, na tumbo lilipoanza kunitangulia mlangoni kila mtu aliona pesa. Kwetu mwanamume akinenepa ni habari njema. Madereva wenzangu walinipigapiga tumboni na kuniita Mheshimiwa. Mwenye duka mmoja wa Lokichoggio aliniuliza nitagombea kiti gani. Nami nilicheka nao, mjinga mimi, huku chini ya mbavu za kulia nikihisi uzito ulionibana kila nilipokata kona.

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi anapongezwa. Mambo ya kitabibu sitakueleza, kwa sababu siyajui, na niliyoelezwa niliyasahau nusu kabla sijafika mlangoni. Nitakueleza jinsi nilivyoishi na ugonjwa huo, na jinsi nilivyojifunza kuoka mkate nikiwa na miaka thelathini na minane, mtu ambaye hajawahi kusonga hata ugali. Nitakueleza nikiwa na hasira, maana bado ninayo. Anayetaka simulizi ya mgonjwa mpole akatafute ya mwingine.

Mke wangu, Nakiru, ndiye aliyeona kwanza. "Tumbo linanona, wewe unakonda," aliniambia siku moja nikiwa nanawa. "Hiyo si kitambi." Nilimjibu kwamba ananionea wivu. Nikaenda zahanati moja ya mtu binafsi, ambayo sitaitaja, nikapewa dawa za vidonda vya tumbo. Nikarudi, nikapewa zilezile. Mara ya tatu mhudumu hakuinua hata macho kwenye daftari lake. Mkono wa mtu haukuwahi kunigusa pale, na tumbo lilikuwa limekaa mezani mbele yake.

Siku niliposhindwa kushuka kwenye lori, Nakiru aliomba ruhusa katika shule ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma anakopika, akanipeleka hospitali ya Lodwar. Tulipanga chumba Nawoitorong, nje kidogo ya mji, na kwa siku tatu nikawa mtu wa benchi. Benchi la hospitali lina sheria zake. Ukienda msalani nafasi yako imekwenda, na ukilalamika unaambiwa kila mtu hapa ni mgonjwa. Jua lilipofika upande wetu chuma kikawa hakikaliki. Mama mmoja nisiyemjua, aliyekuwa amekumbatia bahasha ya picha zake za eksirei, alivua leso aliyojitanda, akaikunja na kunisukumia nikalie. Hatukuambiana hata majina.

Daktari aliyenipiga picha ya tumbo alikuwa msichana mdogo. Alinipaka ule uji wao wa baridi, akawa anaongea na kutania, halafu akarudisha kifaa chake palepale mara mbili. Akauliza swali moja: "Nyumbani mlifuga mbwa?"

Nilicheka. Mturkana gani hakufuga mbwa? Hakucheka nami. Akanieleza kwamba ndani ya ini langu kuna mfuko wa maji uliofikia ukubwa wa kichwa cha mtoto. Ulianza na mayai ya mnyoo, yale yanayotoka kwa mbwa, nikayameza nikiwa mdogo, na mfuko ukakua polepole miaka yote ile bila kuniuliza.

Kwa msomaji wa mbali lazima nieleze jambo moja. Kule bomani, ambako maji ni safari ya kutwa, mbwa ni yaya. Mtoto mchanga akijichafua au akitapika, mama humwita mbwa, naye huja kumsafisha kwa ulimi. Hakuna anayeona vibaya. Mbwa wa namna hiyo hutunzwa, hupewa jina, huachiwa kulala karibu na mtoto. Mimi nililelewa hivyo, na Mama alipenda kunihadithia habari za mbwa wangu kana kwamba ni shangazi.

Nakiru hakuwa akicheka wala kumsikiliza daktari tena. Alikuwa amenishika mkono akiuminya. Mtoto wetu wa pekee, Akai, msichana wa miezi kumi na minne, alikuwa kwa Mama, bomani, mbele ya Kakuma ukielekea Lokichoggio. Tulimpeleka huko miezi minne kabla, kwa sababu mimi nilikuwa barabarani na Nakiru jikoni shuleni. Na Mama alikuwa na mbwa, jike jeupe aliyeitwa Nakwang.

Nilimpigia Mama simu nikiwa bado na uji ule tumboni. Alikuwa amepanda kilimani kutafuta mtandao, akanisalimu kwa furaha, ejok, ejok, akauliza habari za tumbo. Nilimwambia amfukuze mbwa leo. Alidhani nimechanganyikiwa na homa. Nilipoeleza, akasema mbwa ana kosa gani, na simu ikakatika. Sijui kama ilikatika au ilikatwa.

Matibabu yalianza kiangazi kikiwa kikali. Operesheni ilikuwa baadaye. Kwanza vidonge, raundi kwa raundi, wiki kadhaa za kumeza na wiki mbili za kupumzika. Muuguzi alisisitiza kwamba kila kidonge kiende na chakula chenye mafuta, la sivyo dawa inapita bure. Ni rahisi kusema. Maziwa yalikuwa yamekauka pamoja na mbuzi. Supu ya mafuta nilikuwa nikiisikia harufu tu, natapika. Maandazi ya kibandani yalinichoma ubavu. Nywele zilianza kutoka kwa mafungu, nikazinyoa zote, na wale wenzangu wa Mheshimiwa wakanipita kwenye barabara ya Kakuma bila kunitambua.

Kitu pekee kilichokaa tumboni kilikuwa mkate uliokandwa kwa majarini nyingi. Niliuonja kwa jirani yetu wa Kakuma, Mama Abuk, mjane kutoka Sudan Kusini aliyekuwa akioka nyumbani kwake na kuwauzia watu wa kambini. Mkate wa dukani ulikuwa unafika umesafiri siku mbili, mkavu, hauna mafuta ya kutosha kupaka kidole. Nikasema, mimi ni mtu wa kukaa nyumbani sasa, nina mikono miwili, nitaoka mwenyewe. Mama Abuk alijitolea kunifundisha. Nikakataa. Nilikuwa na simu yenye video.

Mkate wa kwanza niliukandia maji ya moto kabisa, nikidhani hamira inapenda joto. Ikafa papo hapo. Nilichotoa kwenye sufuria kingeweza kuzuia gurudumu la lori mteremkoni.

Wa pili nilifuata video neno kwa neno. Ilisema uache unga mahali penye joto kwa saa moja. Video ile ilitengenezwa na mtu ambaye hajafika Kakuma. Mahali penye joto! Nilitafuta palipo na joto zaidi, nikauweka juani kando ya ukuta wa mabati, nikaenda kulala na maumivu yangu. Nilipoamka unga ulikuwa umetoka kwenye beseni, umeshuka ukutani, na nyuki wamekuja kuangalia. Ulinuka pombe ya busaa. Nilipiga teke beseni, teke likanivuta ubavu, nikakaa chini kwenye vumbi nikitukana hamira, simu, kampuni ya simu na ini langu.

Mama Abuk alikuwa ameniona juu ya ua wa miba. Alicheka hadi akashika nguzo. Kisha akaja na gunia lililoloweshwa maji.

"Baba Akai, wewe iko na haraka," alisema. "Hapa jua nafanya kazi ya saa moja kwa dakika kumi. Ficha unga. Shuwaya shuwaya."

Polepole, alimaanisha. Alinionyesha kufunika beseni kwa gunia lile bichi na kuliweka chini ya kitanda, pale penye kivuli. Alinionyesha kupunguza chumvi, kwa sababu maji ya kisima chetu tayari yana chumvi yake. Hakuna kipimo chake hata kimoja kilichokuwa kwenye video. Nilikasirika kufundishwa, na nilikuja kesho yake kufundishwa tena.

Baada ya raundi ya pili nilipanda pikipiki kwenda bomani kwa Mama, nikiwa nimejifunga leso tumboni kupunguza mtikiso. Nilikwenda kumchukua mtoto. Nilibeba mkate wangu wa tano, ulioungua chini na mbichi katikati, kwa sababu sikuwa na kingine cha kupeleka.

Nilimkuta Akai amekaa mchangani mbele ya kibanda, uchi, anacheka, na Nakwang akimsafisha. Mama alikuwa hatua mbili pembeni, akisuka kamba. Sitasema uongo: niliokota fimbo. Mama aliinuka upesi kuliko nilivyodhani anaweza, akasimama kati yangu na mbwa.

"Huyu ni wa ukoo uleule wa mbwa aliyekulea wewe," alisema.

"Ndiyo maana niko hivi. Ulinilisha mbwa, Mama."

Nilisema hivyo. Nilisema mbele ya majirani wawili na mtoto wangu. Mama akauliza maji ya kumwoshea mtoto yako wapi, kama nimeyaleta. Nilikuwa nimeleta mkate. Akauchukua, akaugeuza, akagonga chini kwa kidole, akauweka juu ya jiwe.

Nikasema namchukua Akai leo. Mama akaniuliza nampeleka kwa nani. Nakiru anatoka nyumbani alfajiri. Mimi nitafunguliwa tumbo mwezi ujao, na nikipona nitarudi barabarani. "Mtoto haachwi kwenye nyumba ambayo watu wote wametoka," alisema. "Siku utakapokuwa mtu wa kukaa, uje. Nitakupa mwenyewe." Nikamwambia basi amfunge mbwa. Akasema mbwa hafungwi. Nikamwomba angalau amwoshe mtoto mikono kabla ya kula. Akasema atajaribu, maji yakiwepo. Akai alilia nilipopanda pikipiki, na mimi nililia hadi tulipofika lami, nikimwambia kijana wa pikipiki kwamba ni vumbi.

Nakiru alinisikiliza, kisha akasema kwamba Mama ana haki. Hatukusemezana siku nne. Siku ya tano nilienda kwa Mama Abuk kabla chai haijachemka, nikamwambia sitaki tena mkate wa kumezea vidonge. Nataka kuoka mkate unaouzika, nioke nyumbani, kila siku, niwe mtu wa kukaa. Hakucheka safari hii. Aliniuliza mtoto ana umri gani, akanipa sufuria kubwa ya pili.

Hapo ndipo nilijifunza kweli. Unaweka mchanga mkavu wa mto Tarach kwenye sufuria kubwa, unaipasha, unatia ile ndogo yenye unga ndani, unafunika, na makaa unayagawa: machache chini, mengi juu ya kifuniko. Kosa langu lilikuwa kufunua. Nilifunua kila baada ya dakika mbili, kama dereva anayetazama kioo, na kila nikifunua mkate ulianguka katikati. Mama Abuk alikuja kukalia kigoda kati yangu na jiko, akafuma kitambaa chake, na kila nilipoinuka alisema "bado" bila kunitazama. Niliungua vidole vyote vya mkono wa kushoto. Niliharibu mingi mpaka kuku wa jirani wakawa wananijua. Mimi na Nakiru tulikula iliyobonyea, na asubuhi kidonge kilikaa.

Nilipasuliwa Lodwar mvua zikianza. Sikumbuki mengi, na ninayokumbuka si mazuri: mrija ubavuni, chupa iliyojaa maji yasiyo na rangi, kiu, na mgonjwa wa kitanda cha pili aliyesikiliza mahubiri kwenye simu bila vipokea sauti. Kukohoa kulikuwa adhabu. Muuguzi mmoja mwanamume aliona nikijizuia, akaniletea mto mwembamba, akanionyesha kuukumbatia tumboni kabla ya kukohoa. Kwa ajili ya mto ule nitamwombea maisha yangu yote. Niliposimama mara ya kwanza nilitazama chini nikaona miguu yangu. Nilikuwa nimesahau umbo la kidole gumba changu.

Mto Tarach ulijaa nikiwa huko, na barabara ikakatika, kwa hiyo Nakiru hakuweza kufika kwa siku tisa. Simu ya Mama nayo haikupatikana. Nililala pale nikihesabu kila siku ya mwanangu chini ya ulimi wa mbwa. Nikiona mtu anaandika kwamba ugonjwa ulimfundisha uvumilivu, natamani kujua alikuwa na mtoto wapi.

Niliporudi Kakuma nilikatazwa kuinua kitu kizito kwa miezi mitatu. Mama Abuk alikuwa akinichotea maji na kunimiminia unga, mimi nakanda nimeketi, taratibu, mshono ukinikumbusha kila nikisukuma mbali sana. Makanga wa lori langu la zamani alipita, akaniona na aproni ya Nakiru, akaeneza habari stendi nzima kwamba sasa naitwa Mama Mkate. Wiki ile iliniuma kuliko kisu cha daktari. Halafu nikaona kwamba wanakuja wenyewe kununua kabla ya safari, na kwamba nikiwatukana wananunua zaidi. Nikaendelea kuwatukana.

Walimu wa shule ya Nakiru walichukua mkate kila asubuhi. Vibanda viwili vya kambini pia. Kufikia kiangazi kilichofuata, nilikuwa natoka nyumbani kwenda kanisani na kununua hamira tu. Nilikuwa mtu wa kukaa. Nikatuma ujumbe kwa Mama kwamba naja.

Nilikwenda nimejiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Mama alikuwa tayari amefunga virago vya Akai kwenye leso, na virago vyake pia. Alisema mtoto hatalala bila nyanya yake siku za mwanzo, kwa hiyo anakuja. Mbwa alikuwa amemwachia jirani. Watu wa mifugo walikuwa wamepita kuwapa mbwa wote dawa, na Mama mwenyewe ndiye aliyewakusanya. Hakuniambia hilo. Niliambiwa na jirani. Ilinikasirisha kwamba hakunipa nafasi ya kuyasema niliyoyapanga.

Tulikwenda moja kwa moja Lodwar kumpima mtoto. Benchi ni lilelile. Daktari ni yuleyule, na alinikumbuka kwa tumbo, si kwa uso. Akai alipiga kelele uji wa baridi ulipomgusa. Mimi nilishika miguu yake midogo na sikupumua. Daktari alipitisha kile kifaa chake juu, chini, pembeni, akarudia. Akasema kwa sasa hana kitu, ila nimrudishe kila mwaka. Nilikaa sakafuni, mtu mzima, mbele ya watu.

Nilipoinua kichwa, daktari hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa anamtazama Mama, aliyesimama karibu na mlango na kiganja chake kimebana ubavu wa kulia. Mama husimama hivyo. Amesimama hivyo tangu nilipoanza kumjua, akikama mbuzi, akibeba kuni, akinisubiri, na sikuwahi kuwaza ni kwa nini.

Daktari akamwomba alale kitandani. Mama akakataa, hawezi kujifunua mbele ya msichana wa umri ule. Nilimsihi kwa lugha yetu. Mwishowe alilala, macho darini, shanga zake zimesogezwa pembeni. Kifaa hakikuhitaji kutafuta sana. Daktari alisema kwa sauti ya chini kwamba mfuko wake ni wa zamani mno, umeanza kuwa mgumu, na huenda alikuwa nao kabla mimi sijazaliwa.

Mama aliniuliza msichana amesema nini. Nilimweleza.

"Kumbe ni hiyo," alisema. "Nilidhani ni uchungu wa kukuzaa wewe, haujaisha."

Nilikuwa nimemwambia huyu mwanamke, mbele ya watu, kwamba alinilisha mbwa. Naye alikuwa ameyabeba maumivu hayohayo miaka yote ile, akiamini ni mimi niliyemwachia, na hakuwahi kunidai hata pole. Nilimwomba msamaha hapohapo, kwa maneno yaliyokatikakatika. Alisema nimsaidie kuinuka, uji ule una baridi.

Sasa yumo kwenye vidonge, anakaa kwetu, na hatutaki arudi. Mimi nimepimwa tena na ini linafunga jeraha lake. Hasira haijaniisha. Nina hasira na ile zahanati, na wale waliopiga tumbo langu makofi, na maji yaliyo mbali hivi kwamba mbwa akawa ndiye kitambaa. Zaidi nina hasira na nafsi yangu, niliyemtazama mama yangu miaka thelathini na minane akishika ubavu nisimwulize.

Kwa hiyo wewe unayesoma, mwenye tumbo linalosifiwa, nenda ukapigwe picha. Usiende peke yako. Mchukue mama yako, hata kama hamsemezani, na mlango ukifunguliwa, mpishe aingie kwanza.